Tiketi ya Pointi za Baba

Kila nikisikia muziki ule wanaokuwekea benki ukiwa unasubiri kupokewa simu, hujikuta nimerudi sebuleni kwetu Azaiba, huku nchi ya Waarabu, nimekaa chini kwenye zulia la rangi ya tende, mwaka ambao Mama hakuwepo. Ulikuwa muziki usio na maneno wala mwisho, kinanda kinapanda na kushuka, kisha bibi mmoja anaingia kati kutushukuru kwa subira yetu, kwa Kiarabu halafu kwa Kiingereza, na kinanda kinaanza tena kupanda. Baba alikuwa akiiweka simu kwenye spika, anaiacha juu ya meza pembeni ya sahani yake, anaendelea kula. Simu ya benki ilikuwa ya bure. Simu ya Unguja haikuwa ya bure. Kwa hiyo katika nyumba yetu, mwaka ule, kinanda cha benki kilisikika zaidi kuliko sauti ya mama yangu.

Baba alikuwa na vita vyake na ada ya mwaka. Siku hizo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, benki zilikuwa zinagawa kadi za mkopo kama watu wanaogawa halua msibani: chukua, mwaka wa kwanza bure, na kila ukinunua kitu unapata pointi, na pointi zikiwa nyingi unapewa tiketi ya ndege. Mwaka ukitimia ndipo wanapokukata ada. Watu wengine walilipa wakanung'unika. Baba, ambaye alikuwa mtunza bohari wa serikali na hakuwahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote, alipiga simu. Alisema nao kwa Kiingereza, kwa sababu Kiarabu chake kilikuwa bado kina chumvi ya Unguja na vijana walimcheka, ila Kiingereza, alivyodai yeye, kina meno. Akiwaambia kwamba ataifunga kadi yao leo hii, alichukua mkasi wa Mama wa kushonea, akausogeza kwenye simu, akawa anaufungua na kuufunga, chaka-chaka, ili wasikie wenyewe. Upande wa pili wakaingiwa na huruma, au labda na uchovu, wakamsamehe ada. Baba akarudisha mkasi kwenye kikapu cha nyuzi kama askari anayerudisha upanga alani.

Mama alikuwa amekwenda Unguja kumuuguza Bibi, mama yake, aliyeanguka msalani akavunjika nyonga. Alisema wiki chache. Wiki chache zikawa miezi, na kaka zangu wote wawili walikwisha kuoa, mmoja yuko Sohar na mmoja Salala, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na Baba, na Baba alirudi kutoka kazini jioni. Nilikuwa na miaka kumi na moja na ufunguo wangu mwenyewe shingoni. Nikitoka skuli nilifungua mlango na kumsalimia kiyoyozi, maana ndicho pekee kilichokuwa kinaongea. Nilipasha wali wa jana, nikala nimesimama. Nyuma ya mlango wa chumba chao lilining'inia dera moja la Mama lenye harufu ya udi, na mimi niliingia kulinusa mara moja tu kwa siku, pumzi moja, nisije nikaimaliza harufu. Nilikuwa mtoto wa hesabu namna hiyo. Kila Ijumaa Mama alipiga simu kwa kadi ya kukwangua, na nusu ya dakika zetu iliishia kwenye “mnanisikia?” na “tunakusikia, wewe unatusikia?”

Ndipo Baba alipokuja na mpango. Likizo ya kiangazi nitapelekwa kwa Mama, na sitapelekwa kwa mshahara, kwa sababu mshahara ulikuwa unakwenda kwenye dawa za Bibi. Nitapelekwa kwa pointi. Alikuwa na kadi mpya iliyokaribia kutimiza mwaka, na alichohitaji ni kununua vitu vingi kuliko alivyoweza kununua. Basi akawatangazia jamaa zote: mtu yeyote akitaka kununua chochote, amwite yeye, alipe yeye kwa kadi, naye arudishiwe pesa taslimu papo hapo. Tukawa tunashinda kwenye supamaketi ya barabara kubwa kama watu wenye hisa. Shangazi Zuwena, dada yake Baba, alikuwa mteja wetu mkubwa, na hakuna riyali aliyoitoa bila ya maneno.

“Haya, mwenye benki yake kafika,” alisema mbele ya foleni nzima, akimsukumia Baba kigari cha mchele na sabuni. “Pitisha kadi yako. Huu mfuko wa vitunguu unampeleka mtoto wapi? Umefika Salala?”

“Punguza maneno, Zuwena, ongeza vitu,” Baba alimjibu.

“Nkiongeza vitu nnafilisika. Rayya, mwambie mama yako nimekula biskuti mpaka nimenenepa, kwa ajili ya safari yako.”

Mimi nilisimama karibu na mashine, nikisubiri ile karatasi itoke. Wenzangu walikuwa na vipindi vya televisheni. Mimi nilikuwa na mashine ya kadi. Ikitoka karatasi, nilijiona nimesogea kidogo kuelekea Unguja, juu ya magunia ya mchele ya watu wengine. Na nisieleweke vibaya: sikuwa mtoto wa safari. Hata kwenda Mutrah sokoni nilikuwa naumwa na tumbo njiani. Lakini nilimtaka Mama, na kama njia ya kumpata ilikuwa kupanda ndege, basi nilikuwa tayari kutapika mpaka Dar es Salaam. Sanduku nililifunga mapema mno, nikaliweka ukumbini, na kwa kuwa nguo zangu nzuri zote zilikuwa humo ndani, kila Ijumaa ilinibidi nilifungue nitoe gauni, nivae, lifuliwe, lirudi safarini.

Pointi zikatosha tiketi ya kwenda. Baba akasema tungoje kidogo, Shangazi anataka kununua friji, na friji hilo ndilo litakalonirudisha nyumbani. Kabla ya friji, ikafika siku ya ada.

Alipiga simu wakati wa kula, kama kawaida. Kinanda kikapanda na kushuka. Akapokea kijana mwenye sauti ya adabu, Baba akamwaga Kiingereza chake, kijana akaomba dakika moja, akarudi akasema samahani, mwaka huu hakuna msamaha, utaratibu umebadilika. Baba akachukua mkasi, chaka-chaka. Kisha akanigeukia mimi pale chini na kunikonyeza, wala hakujali kufunika simu. Nani huko benki atajua Kiswahili?

“Usiogope, mwanangu. Sifungi mie. Namtisha tu. Sasa hivi utamsikia anavyonibembeleza.”

Halafu kijana akasema, kwa Kiswahili kile kile cha kwetu, kama mtu aliyekaa nasi kwenye zulia:

“Shikamoo, ami.”

Mkasi ukasimama mkononi mwa Baba.

“Samahani, ami, nnasikia unavyosema. Hukusudii kufunga. Basi lipa tu, si kitu kikubwa. Na humu una pointi nyingi, ukifunga zinakwenda zote.”

Aliyasema vizuri, bila kebehi. Laiti angemkejeli, nadhani Baba angecheka, wakapatana. Lakini alimhurumia. Kwa Kiingereza Baba aliweza kuwa mtu yeyote, tajiri mwenye kadi saba. Kwa Kiswahili alikuwa ami, mtunza bohari anayebana ada isiyofika bei ya mbuzi, na kijana wa watu ameshamjua alivyo, na binti yake anasikiliza.

“Wewe mtoto wa nani?” Baba akauliza.

“Haturuhusiwi kusema, ami.”

“Basi funga.”

“Ami, pointi zako—”

“Nimekwambia funga kadi.”

Alikuwa ananitazama mimi alipolisema hilo la mwisho. Si kwa ukali. Alinitazama kama mtu aliyekwisha kuruka ndipo akaangalia chini. Kijana akasema haya, ami, ishafungwa, akatutakia jioni njema kwa Kiingereza. Baba akaikata kadi vipande viwili, akaviweka ukingoni mwa sahani pamoja na miiba ya samaki, na mimi nikainuka nikazipeleka sahani jikoni, kwa kuwa hakuna mwengine wa kuzipeleka.

Kesho yake alivaa dishdasha, kanzu yake ya Idi, akaenda benki mwenyewe. Alirudi na mikate miwili ya nyama ya shawarma, yangu peke yangu, na hapo nikajua kwamba pointi hazikurudi. Nililifungua sanduku, nguo nikazirudisha kabatini.

Ijumaa Mama akapiga. “Jee, ushapata tarehe?” aliniuliza, na kwa nyuma nilisikia jogoo na mtu anafagia uwanja. Baba alikuwa amesimama mbele ya friji, mlango wazi, anatazama ndani kama anayesoma gazeti. Mgongo wake ulikuwa umeinama kuliko nilivyouzoea. Nilikuwa nimejitayarisha kulia, nimpe Mama habari yote ya kadi na mkasi, na badala yake nikasikia sauti yangu inasema:

“Mama, mimi sitaki kuja.”

“Kwa nini?”

“Naogopa ndege. Na nyumbani kuzuri.”

Dakika za kadi yake zikawa zinakwenda bure. “Bibi yako anakuulizia kila siku,” akasema mwisho. “Nimekutandikia na kitanda chako karibu yake.”

“Nisalimie Bibi.”

“Haya, mwanangu. Si lazima.” Baba akafunga friji. Hakuwa ametoa kitu.

Bibi akafariki kabla ya joto kupungua, akazikwa, na Mama akarudi akiwa amekonda. Nyumbani alinikumbatia, akasema nimerefuka, kisha kwa muda mrefu akawa ananifanyia adabu, ananiuliza kama nitakunywa chai, kama mtu anayemuuliza mgeni. Mtoto aliyeitwa na mama yake akakataa kwenda, utamwambia nini tena? Yeye akaona bora aufanye mzaha, na mzaha ukawapendeza jamaa zote. Shangazi Zuwena aliupeleka kwenye kila harusi: huyu kapewa tiketi ya bure akaikataa, huyu kaota mizizi Azaiba. Wenzangu wakaenda Unguja, wakaenda Hija, wakaenda Malesia kwa fungate. Mimi nikawa yule anayeachiwa funguo za nyumba za watu, anayemwagilia maua na kulisha paka. Kazi ninaifanya vizuri, na paka hawaulizi maswali. Uongo ule niliuvaa mpaka ukanikaa sawasawa. Leo ukiniuliza kama kweli sipendi safari au sijawahi kujaribu, nitakuuliza paka wako anakula nini.

Baba, Mungu amrehemu, hakuwahi kulisema, wala hakuwahi kuucheka mzaha ule. Sasa ametangulia, na aliyebaki anayejua kwamba nilitaka kwenda ni mimi peke yangu. Mara nyingine nataka kumwambia Mama. Kisha namwona anavyomtaja marehemu, mtu wa mipango, mtu asiyeshindwa na benki, naacha.

Mimi pia nina kadi yenye pointi. Siku hizi hakuna wa kumtisha. Ada inakatwa kimya kimya, ujumbe unaingia kwenye simu, mimi nalipa. Kila nikitazama, pointi zimeongezeka, na kila mwaka ninamkatia Mama tiketi ya Unguja akazuru kaburi la mama yake. Mwaka huu zilitosha watu wawili. Nikampa ya pili Shangazi Zuwena, ambaye tangu wakati huo amenenepa kweli. Niliwapeleka uwanja wa ndege asubuhi, nikapanga nao foleni kusukuma mizigo, na bibi mmoja aliyekuwa mbele yetu akamuuliza Mama kama anasafiri na binti yake.

“Huyu?” Mama akasema, akinipiga piga mkono. “Huyu hapendi safari. Tangu mdogo.”

Yule bibi akanitazama ili ahakikishe. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, nikasogeza sanduku la Mama hatua moja mbele.