Siku Niliyodhani Nimeachwa

Baba yangu alikuwa karani wa bandarini, mtu wa bara aliyevaa soksi ndefu na kujivunia mwandiko wake. Kila Jumamosi mchana, akishatoka kazini, watu wa sala walikusanyika sebuleni kwetu Temeke kuungoja mwisho wa dunia. Sisemi hivyo kwa kejeli. Waliungoja kweli, kama abiria wanavyongoja gari lisilo na saa. Waingereza walikuwa bado wanatutawala, mikorosho ya Temeke ilikuwa mingi kuliko nyumba, na nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabisa upande wa mashamba.

Aliyewaongoza alikuwa mzee mmoja, fundi cherehani siku za kazi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alifundisha kwamba siku hiyo watakatifu watanyakuliwa ghafla katikati ya shughuli zao, wala hawatabeba kitu. Viatu vitabaki mlangoni na sufuria itabaki motoni. Watakaobaki watakabiliwa na hukumu, watapigwa chapa kwenye paji la uso au mkono wa kuume, na mlango wa rehema utakuwa umefungwa. Aliyasema haya kwa upole mkubwa, tena akinitazama mimi, au ndivyo nilivyoona. Watoto wenzangu waliogopa mazimwi. Mimi niliogopa sufuria iliyobaki motoni.

Mama alisali pamoja nao, lakini hakuwa na pupa ya kwenda popote. Nilipomwuliza kama mimi nitachukuliwa, alisema nimalize kwanza kuosha vyombo. Mwaka huo alikuwa na mimba ya miezi minane, na mimi, mtoto wao wa pekee, nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Jumamosi ninayoikumbuka alinituma Mtoni kusaga mahindi. Mashineni hapakuwa na watu, nikasagiwa upesi. Ila njiani nilikuta ngoma ya harusi. Niliweka kapu la unga chini, nikatazama, halafu nikaingia kucheza. Kwetu ngoma ilikuwa dhambi, tena si ndogo. Nilicheza mpaka nguo ikanigandama mgongoni, ndipo nikakumbuka nyumbani, nikabeba unga wangu na kukimbia huku nikitunga uongo wa foleni.

Nilikuta mlango wazi. Viatu vilikuwa nje, jozi sita au saba, vya baba vikiwamo. Ndani, Biblia zilikuwa wazi mkekani, na juu ya moja ilikuwapo miwani ya mzee. Uani maharage yalikuwa yamekauka maji na kuanza kuungua. Niliita mama, nikaita baba. Nikakimbilia nyumba mbili za karibu walikokaa wenzao wa sala, nazo zilikuwa tupu. Kuku walikuwapo, mbuzi walikuwapo. Waliokosekana ni watu wa sala peke yao.

Sikulia. Niliepua maharage, kwa kuwa nilifundishwa kutoacha chakula kiungue, kisha nikakaa kizingitini. Sikuhitaji kutafuta kosa langu lilikuwa lipi, vumbi la ngoma lilikuwa bado miguuni. Wala sikumwomba Mungu anirudie, maana nilijua muda umepita. Nilimwomba asimwambie mama kwa nini sikuwamo.

Ndipo akatokea jirani yetu wa upande wa pili, bibi wa Kizaramo aliyeuza vitumbua, akirudi kutoka shambani na mzigo wa kuni kichwani. Alikuwa Mwislamu. Mgongo wake ndio uliokuwa kitanda changu nilipokuwa mdogo, na kwake nilikula mara nyingi kuliko kwetu. Siku hiyo hata shikamoo sikumpa. Nilipomwona tu, tumaini dogo lililokuwa limebaki likaniishia. Kama yeye bado yupo, basi ni kweli.

"Bibi," nikamwambia, "na wewe umeachwa."

"Nimeachwa na nani, mjukuu wangu?"

Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu unyakuo na hukumu na moto, na jinsi yeye na wanawe na jamaa zake wote walivyokuwa upande wa kubaki. Nilisema kwa adabu na kwa mpangilio, kama mtoto anayetoa somo mbele ya mwalimu. Nimefanya makosa mengi makubwa kuliko hilo, lakini hakuna linalonitia aibu kama hilo. Yule bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Akatua kuni, akaingia ndani kwetu, akafika hadi chumba cha wazazi wangu. Mimi sikuwa nimetazama humo. Alipotoka aliniuliza polepole kitanda cha mama kiko wapi. Nikasema sijui. Akajifunga upya kanga yake.

"Haya," akasema, "kama tumeachwa, tumeachwa sote wawili. Njoo ule."

Aliniletea kitumbua. Mkono wake wa kuume ulikuwa na hina mpya, nyekundu iliyokolea, aliyopakwa kwa ajili ya harusi ileile niliyoichezea. Hina nilikuwa nimeiona tangu nizaliwe, lakini siku hiyo niliona chapa. Niliusukuma mkono ule kwa nguvu, kitumbua kikaanguka mchangani. Alikiokota, akakipangusa, akakiweka kando. Kisha akaketi karibu nami kizingitini bila kunigusa, na hivyo tukakaa mpaka alasiri.

Baba alikuja peku, shati nje, nyuma yake mzee wa sala akipapasa njia bila miwani yake. Nilipowaona nilisimama, na kicheko kikanitoka. Sijapata kucheka hivyo tena maishani. Nilimkimbilia baba nikamshika kiunoni nikicheka, maana kama yeye yupo na mzee yupo, basi hakuna aliyenyakuliwa, mlango haujafungwa, na mimi sijaachwa.

"Mama yako amefariki," baba akasema. "Na mtoto."

Maneno niliyasikia na nikayaelewa. Sikuacha kucheka papo hapo.

Baadaye niliambiwa kwamba damu ilimtoka katikati ya sala, na kwamba wote, wanaume kwa wanawake, walimbeba na kitanda chake hadi barabara kuu kutafuta lori la kumpeleka hospitali. Hakufika. Hayo nilielezwa na bibi wa vitumbua, kwa sababu baba hakuweza kuyasema. Baba hakuweza kusema chochote. Kwa siku tatu alikaa kwenye kona ya sebule, uji ukiletwa na kurudishwa, na wanawake wa msibani walinong'ona kwamba sasa nitabaki yatima wa pande zote mbili.

Siku ya tatu, watu wakiwa wamejaa, mzee alisimama akasema ameona ajabu. Mtoto ameletewa habari ya kifo cha mama yake, akaipokea kwa kicheko cha furaha, kwa kuwa alimwona mama yake utukufuni. Watu wakaitika. Baba akainua uso, mara ya kwanza tangu mazishi, akanitazama kama mtu mwenye kiu.

"Waambie, mwanangu," akasema. "Waambie ulivyocheka."

Nikasimama nikawaambia. Nilisema nilimwona mama amevaa nguo nyeupe. Bibi wa vitumbua alikuwa ameketi nyuma kabisa karibu na mlango, ndiye pekee aliyejua kwa nini nilicheka, naye aliinamisha kichwa na hakunisuta, siku hiyo wala siku nyingine. Jioni ile baba alikula.

Kwa hiyo niliendelea. Baba alinipeleka Kinondoni, akanipeleka kila nyumba ya sala iliyotukaribisha, mpaka nikaolewa. Nilipoanza kuchoka na kutaka kumwambia ukweli, nilimtazama usoni nikakosa ujasiri, kwa sababu kicheko changu ndicho kilichokuwa kikimwamsha asubuhi na kumpeleka kazini. Watu walilia, wengine waliokoka. Nami kila niliposimama nilikisikia upya kicheko kile, kama nilivyokicheka mlangoni kwetu, na kilikuwa cha furaha kweli, hapo sikudanganya. Nilikuwa nimefurahi kwamba sikuachwa, kwamba ni mama tu aliyekufa.