Sahihi ya Mbwa wa Lado

Nichekeni tu, nimeshazoea. Mimi huchapa mikataba hapa mtaani Hai Jalaba, na sheria yangu ni moja: kila anayetajwa lazima atie sahihi, na asiyejua kuandika aweke dole gumba.

Lado alikuwa anapanda meli kwenda kuishi mji wa Malakal, akaamua kumpa Mama Keji, waliyefahamiana naye sokoni, mbwa wake. Alitaka sentensi moja tu. Nikakataa. Nikachapa mistari mitatu: anayetoa, anayepokea, anayetolewa. Nikampaka mbwa wino wa buluu mguuni, naye akaruka, akakanyaga mstari wa anayetoa. Karatasi ilikuwa ya mwisho, na Mama Keji alikuwa ameshatia sahihi yake ya kupokea, basi nikamwambia Lado atie yake pale palipobaki.

Tukaupeleka mkataba kwa chifu. Kabla ya kugonga muhuri, akausoma mbele ya watu.

"Kumbe mbwa ndiye amemtoa Lado! Mama Keji, unakubali kumlisha Lado mifupa na kumfunga usiku?"

Mama Keji akamtazama Lado juu mpaka chini.

"Hapana, chifu. Mimi iko nataka mbwa tu."

"Nani ameandika hii?" chifu akauliza.

Nikaficha mgongoni vidole vyangu vyenye wino. Mbwa akanijia, akaweka mguu wake wa buluu juu ya goti langu.