Usipime Karatasi

Mimi hakuna jambo la ujenzi linaloweza kunishangaza. Nilikuwa nikisema hivyo mbele ya watu waliosoma, na hakuna aliyethubutu kunibishia. Shule niliacha darasa la tano, Kinango, mwaka ambao ukame ulimaliza ng'ombe wetu, nikashuka pwani kubeba mawe. Leo ukipita barabara ya Diani kuanzia juu hadi chini, nyumba nilizozisimamisha mimi utachoka kuzihesabu, na walionichorea ramani zake nyingi walikuwa na shahada za kutundika ukutani. Mimi ukutani nimetundika timazi.

Elimu yangu ni kupima. Lori la mchanga likiingia kwenye kazi yangu napanda juu na fimbo, naichoma pembe zote nne, kwa sababu wenye malori hurundika kilima katikati na pembeni wakaacha patupu. Saruji naipima kwenye mizani ya muuza mahindi. Mawe nayahesabu yakiwa yanashuka, maana rundo lililopangwa vizuri huwezi kujua tumboni lina nini. Watu wananiita mshuku. Wengi wanaoniita hivyo wanaishi nyumba za kupanga.

Basi mama mmoja wa Msambweni, nesi mstaafu, akanipa kazi ya kumjengea nyumba. Mumewe alikuwa amepata kiharusi na sasa alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Tulipokwenda kukiona kiwanja, mama yule alinisimamisha kando.

"Mwanangu, sebule na vyumba vya kulala jenga upendavyo. Mimi nataka kwako kitu kimoja. Mzee aingie chooni mwenyewe, atawadhe mwenyewe, atoke mwenyewe. Miezi kumi sasa anatawadhishwa kama mtoto. Hasemi, lakini mimi naishi naye, najua."

Nikamwambia, "Mama, hilo limekwisha." Na nilidhani kweli limekwisha.

Ramani alikuwa amempa binti mmoja wa Bongwe, aliyesomea uchoraji Mombasa na kufungua ofisi ya chumba kimoja Ukunda, juu ya duka la dawa. Nilipanda ngazi zile nikiwa tayari sina imani naye. Mchoraji niliyemzoea mimi alikuwa na meza kubwa, penseli na raba. Akikosea unaiona alama ya kosa. Huyu alikuwa na kompyuta tu, na kwenye kompyuta kosa halina alama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nionyeshe nyumba ya Mama."

Akanionyesha. Sitaki kusema uwongo, ilikuwa kazi safi. Lakini akabonyeza mahali, mabomba yote yakatoweka. Akabonyeza tena, nyaya za umeme zikatoweka. Pale chooni palikuwa na duara jekundu, nalo likaenda.

"Umevipeleka wapi?"

"Nimevizima tu, baba. Kila kitu nimekiweka kwenye tabaka lake. Fundi bomba nitamchapishia mabomba, wewe nitakuchapishia kuta, ili karatasi yako isijae mistari usiyoihitaji. Lile duara ni nafasi ya kiti kugeuka."

"Na nitajuaje ulichonizimia mimi?"

Akacheka. "Utaniuliza, nitakuwashia."

Sikucheka naye. Katika maisha yangu nimeona watu wakificha saruji chini ya makuti na nondo ndani ya kisima, lakini mtu mwenye kitufe cha kufichia, huyo alikuwa wa kwanza.

Kisha akasema neno lililonimaliza kabisa. "Kuna jambo moja, baba. Usipime karatasi. Soma nambari nilizoandika. Ndani ya kompyuta nyumba naichora kwa ukubwa wake ule ule, milimita kwa milimita. Karatasi ni picha yake tu."

Nilimtazama. Muuza nyama gani atakuambia nyama yake usiipime? Mimi nilifundishwa na fundi mmoja wa Mackinnon Road, mtu asiyejua hata kuandika jina lake, kwamba sentimita moja kwenye karatasi ni mita moja kwenye ardhi, na kwa hiyo rula ya shule ya shilingi ishirini inatosha kujenga msikiti. Kwa rula hiyo nimejenga maisha yangu. Leo binti wa juzi ananiambia niifiche mfukoni.

"Ramani utazipata Alhamisi," akasema. "Nachapishia Mombasa, kwa mtu ninayemwamini."

"Nitilie kwenye flashi. Nitachapisha mwenyewe."

Akaitia, akanipa. "Sawa, baba, lakini usipime karatasi, na ukichapisha mwenyewe waambie kwamba ile alama ya—"

Sikungoja. Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi. Mtu anayemwamini yeye, mimi wa nini?

Saiberi mbili zilizo karibu na ofisi yake nilizipita makusudi. Nikaingia ya tatu, ya jamaa mmoja wa bara aliyekuwa akizungumza na simu muda wote na asiyemjua mtu yeyote wa Bongwe. Akanichapishia kwenye karatasi kubwa kuliko ya barua. Nikakaa kwenye benchi lake pale pale, nikatoa rula.

Urefu wa nyumba: karatasi imeandikwa 14000, yaani mita kumi na nne. Rula ikaniambia kumi na tatu na kidogo. Upana: imeandikwa mita tisa. Rula, nane na nusu na nukta. Choo: imeandikwa mita mbili na sentimita arobaini. Rula, mbili na ishirini na nane. Kila nilipogusa, nambari ilikuwa imezidi, na imezidi kidogo tu, kama mtu anayechota kwa kijiko.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Anazidisha vipimo ili Mama anunue mawe mengi, na huko machimboni kuna mtu anamgawia. Angezidisha sana angeonekana. Kwa hiyo anazidisha kidogo kila mahali. Nilikaribia kumheshimu.

Lakini mimi si mtu wa kumhukumu mwenzangu kwa ushahidi mmoja. Nikaenda na flashi hadi Msambweni, duka jingine kabisa, nikachapisha tena. Nikapima. Vile vile, hata nukta haikutofautiana. Maduka mawili yasiyojuana hayawezi kusema uwongo mmoja. Usiku huo nililala vizuri.

Sikumwambia mtu. Nilitaka nyumba isimame kwanza, ndipo nimwekee Mama mawe yaliyobaki mbele yake na karatasi mbili, binti ajibu mwenyewe. Msingi nikauchora chini kwa kamba na chokaa, kwa vipimo vya rula yangu. Kuta zikapanda. Wiki moja nilikwenda hadi machimboni nikamuuliza mwenye mawe, kama utani, kama anamjua mchoraji yeyote wa kike. Akaniambia, "Mchoraji sina, ila kama una mke wa kunitafutia, nimekaa peke yangu." Hata jibu hilo nililiona limepangwa.

Tulipofika usawa wa linta, pale juu ya milango, Mama akaja na mzee ili aione nyumba yake. Sakafu ilikuwa imeshamwagwa. Nikachora kwa chaki pale bakuli la choo litakapokaa na pale bomba la kutawadhia litakapotoka ukutani.

"Karibu, mzee. Ingia mwenyewe."

Akasukuma magurudumu kwa mkono wake mmoja mzima, taratibu, akapita mlangoni. Nikatabasamu. Akaanza kugeuka kuelekea bomba. Sehemu ya kuwekea miguu ikagota ukuta. Akarudi nyuma, gurudumu likapanda chaki ya choo. Akajaribu upande wa pili, ikagota. Akajaribu tena. Mimi na mafundi wanne tulisimama tukiangalia mtu mzima akipambana na ukuta wangu.

Akaniita bila kugeuka, kwa sababu kugeuka hakuweza. "Fundi. Hapa umenijengea mimi au umemjengea paka wangu?"

Mafundi walitaka kucheka, wakaona uso wa Mama wakaacha. Mama aliingia, akashika vishikio vya kiti, akamvuta mumewe kinyumenyume hadi nje. Mzee aliinamisha kichwa muda wote wa kuvutwa. Hilo ndilo nisilolisahau.

Binti akapigiwa simu. Alikuja kwa bodaboda na nusu saa haijapita, akanisalimu vizuri kama siku ya kwanza, akapima choo kwa futi yake.

"Pamepungua sentimita kumi na mbili. Baba, umefuata vipimo gani?"

Hapo nikaona saa yangu imefika. Nikatoa karatasi zote mbili nikazitandaza juu ya mfuko wa saruji. "Hivi hapa. Nambari zako zinadanganya. Maduka mawili yamethibitisha."

Hakukasirika. Akanionyesha pembe ya chini ya karatasi, mstari mdogo mweusi na mweupe ambao mimi niliuona nikadhani ni pambo.

"Huu mstari umeandikwa mita ngapi?"

"Tano."

"Weka rula yako."

Nikaweka. Nne na robo tatu. Nikaisogeza, nikaweka tena. Nne na robo tatu.

"Mashine za kuchapisha," akasema polepole, "zina alama ya tiki ya kuipunguza picha iingie yote ndani ya karatasi. Mtu asipoiondoa, nyumba nzima inanywea. Nambari hazinywei, kwa sababu ni maandishi. Ndiyo maana naweka mstari huu kila karatasi: ukiupima ukakosa, karatasi hiyo tupa."

"Na duka la Msambweni?"

"Nao hawakuiondoa. Zinatoka kiwandani hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"'Usipime karatasi' nilikuambia mara mbili. La ile alama nilikuwa nakuambia, ukawa kwenye ngazi."

Mama alikuwa amesikia yote. Sikutaka kumtazama lakini nilimtazama.

"Sebule ikipungua hatua moja sitakufa," akasema. "Vyumba vibaki. Hapa pabomolewe, mwanangu."

Tukabomoa ukuta wa nje wa choo, tukachimba msingi mpya, tukausogeza. Safari hii nilifuata nambari, na binti nilimwambia awashe matabaka yote, moja moja, mbele yangu, hadi lile duara. Sikuwa nimeanza kumwamini. Nilikuwa nimeanza kujua pa kumpimia. Mpaka leo karatasi yoyote ikiniingia mkononi, iwe ya mchoraji wa Bongwe au wa Nairobi, jambo la kwanza naweka rula kwenye mstari wa pembeni, kisha rula nairudisha mfukoni. Asiye na mstari namrudishia karatasi yake. Wengine wananuna.

Siku ya kukabidhi, mzee aliingia akafunga mlango. Tulisimama nje, Mama, binti na mimi. Tulisikia gurudumu likizunguka, kisha maji. Yakaendelea muda mrefu kuliko udhu wa mtu yeyote ninayemjua. Akatoka mikono ikidondoka, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu, akaenda chumbani kuswali.

Ukuta, msingi, mawe, saruji, mabomba na siku tisa za mafundi, vyote vilitoka mfukoni mwangu: shilingi laki moja, themanini na saba elfu, mia sita na arobaini.