Yorleny na Nondo Wenye Pindo Jeupe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Yorleny Chavarría hajakaa hata mara moja. Anapita kwenye mifuko ya plastiki iliyoning'inia kwenye kamba, kila mmoja na kiwavi wake, akiirudia hata aliyokwisha kuikagua.

"Kunywa kahawa, mama, utaanguka," anamtania Eladio, mwenzake wa kazi.

"Hawa wananisubiri mimi, kahawa hainisubiri."

Yorleny, 51, aliishia darasa la sita. Alikuwa mpishi wa kituo hiki cha utafiti, kaskazini magharibi mwa Costa Rica, kwa miaka tisa kabla ya kupewa kazi ya kufuga viwavi.

Anayemnyima utulivu ni nondo mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho: kijivu, mwenye mstari wa rangi ya kutu. Vitabuni ni spishi moja. Lakini miaka minne iliyopita Yorleny aliona kuwa viwavi waliokula majani ya mti wa madero walitoka wakiwa nondo wenye pindo la njano mabawani, na wa mti wa chaperno walitoka na pindo jeupe.

Alipompigia simu mtaalamu wa nondo aliyeko mji mkuu, Dakta Baudrit, alimjibu: "Mama, hiyo ni rangi tu. Hata watoto wa tumbo moja hawafanani."

"Nililia," ananiambia Yorleny. "Halafu nikakasirika."

Akawabadilishia majani. Viwavi sitini na wanne wa chaperno walikufa njaa katikati ya majani mabichi ya madero.

"Niliwaua mimi, naota mpaka leo. Lakini sasa aje mtu aniambie hao ni wamoja!"

Machi mwaka huu, Baudrit alikuja mwenyewe. Akaweka viungo vya uzazi vya madume wa aina zote mbili chini ya hadubini: vya mmoja vina ndoano, vya mwingine vimenyooka.

"Mama Yorleny, nisamehe. Ni spishi mbili."

"Umechelewa, ila karibu," akamjibu. Eladio akaangua kicheko.

Mwenye pindo jeupe bado hana jina. Baudrit anataka kumpa la Yorleny, lakini mama huyo akili yake haipo huko. Jirani mfugaji wa ng'ombe anafyeka miti apate malisho, na chaperno zilizobaki karibu na kituo ni kumi na moja. Mfugaji amekubali kungoja hadi mvua za Mei.

Nyuma ya kituo, Yorleny ameotesha miche sabini ya chaperno. Kumi na miwili imeshanyauka.

"Jina wataliandika wao, wana kalamu," ananiambia, tayari ameshika ndoo ya maji. "Mimi nataka Mei inikute nimepanda yote iliyobaki. Sogea, unakanyaga mche."