Gari Lenye Nafasi

Gari langu la kwanza lilikuwa na milango miwili, valvu kumi na sita na dereva mmoja aliyedhani anajua kuendesha. Nililinunua kwa mhandisi wa meli aliyekuwa akihama. Lilikuwa jeupe, fupi, limetoka Japani, na juu ya buti lilikuwa na kibawa cha plastiki ambacho mhandisi alinihakikishia kinasaidia. Kinasaidia nini hakusema, nami sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshalipenda.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya kutoa mizigo Kilindini, kazi ya kupiga mihuri na kungoja. Karani mwenzangu wa meza ya pili alikuwa na gari lenye injini kubwa kuliko yangu. Kila jioni tukitoka alinipita barabara ya Makupa, kisha asubuhi akanipa pole. Kupitwa ningeweza kuvumilia. Ile pole ndiyo iliyonikera.

Nikamwendea fundi wangu, mzee mmoja mwenye gereji karibu na Kibarani, mahali ambapo upepo ukivuma kutoka jaani wateja hawakai kupiga soga. Nikamwambia nataka gari liwe na mbio. Akanitajia vya kununua: kamshafti nyingine, bomba la moshi pana, tairi za maana. Nikamtajia mshahara wangu. Akafunga boneti.

"Huna pesa ya kutia," akasema. "Basi toa. Gari nyepesi yenda mbio, na kutoa ni bure."

Maneno yale yaliniingia kuliko hotuba yoyote ya Ijumaa, Mungu anisamehe. Nilianza siku ileile. Nikatoa zulia, redio, vipaza sauti na kiti chote cha nyuma. Kiti hicho nilikipeleka nyumbani Kuze, mama akakiweka ukumbini, na wageni wakawa wanakikalia na kukisifu.

Tatizo lilikuwa kujua nimepunguza kiasi gani. Mtu mwingine angeridhika kukanyaga mafuta na kusikiliza. Mimi nilikuwa karani wa mizigo, na kitu kisichopimwa kwangu kilikuwa hakijatokea. Kwa hivyo nikalipeleka gari kwenye mizani ya malori bandarini, ambako mtu wa mizani, baada ya kucheka vya kutosha, aliniruhusu kupanda kati ya lori la chai na lori la saruji. Mizani ile ilihesabu kilo ishirini ishirini. Ukipunguza kumi na tano, haina habari nawe.

Wakati huohuo nilikuwa nimempenda msichana. Alifanya kazi katika duka la vifaa vya ofisi karibu na Marikiti, nami ndiye niliyekuwa nikitumwa huko kununua karatasi za kaboni. Mwaka ule ofisi yetu ilinunua kaboni nyingi kuliko mizigo iliyoshuka. Alikuwa akizihesabu kwa kidole gumba bila kuzitazama, huku akinitazama mimi, na hakukosea hata moja. Nilimpenda sana. Nasema wazi sasa kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu isipokuwa ami yangu, naye ndiye aliyepeleka posa, siku ya Ijumaa.

Ami alirudi amefurahi. Alikuwa amenisifu kwa mambo matatu: kijana mtulivu, ana kazi bandarini, ana gari. Wenyewe wakaomba muda wa kuulizia, kama ilivyo desturi, maana hakuna anayemtoa binti yake kabla hajauliza majirani, msikitini na kazini kwa mtu. Tukaambiwa tusubiri.

Sijui kusubiri. Jumanne iliyofuata nilitoa gurudumu la akiba, nikaenda kwenye mizani, na namba ikabaki palepale. Nilikasirika mpaka nikataka kumgombeza mtu wa mizani. Ilikuwa wazi kwamba gurudumu peke yake halitoshi, lahitaji kitu cha kulisindikiza ili ishirini itimie. Nikatazama ndani ya gari. Vilikuwa vimebaki viti viwili vya mbele, na kimoja nilikuwa nimekikalia. Nikafungua boliti nne. Mizani ikashuka ishirini, na jioni ile nikampita karani mwenzangu. Asubuhi nilimpa pole.

Wiki ya pili simu ya ofisi ikalia. Alikuwa mjomba wake yule msichana. Tulisalimiana kama watu wenye adabu, yaani nyumbani, kazini, afya ya mama, kisha afya ya mama tena, ndipo akafika kwenye haja yake.

"Bibi yake msichana yuwataka kwenda maulidini Tudor, Alhamisi baada ya alasiri," akasema. "Yeye na binti zake wawili. Gari yako ina nafasi?"

"Ina nafasi tele, mjomba."

Naapa sikudanganya. Kwa mwezi mzima sikuwa nimewaza kingine, na hakuna gari kisiwani lililokuwa na nafasi kuliko langu. Niliweka simu chini kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali analolijua. Kwamba watu wakiuliza nafasi huwa wanauliza mahali pa kukaa, hilo lilinijia Alhamisi, nimesimama mlangoni kwao Mji wa Kale, na wanawake watatu wenye mabuibui wanashuka ngazi na sinia la vitumbua. Utasema hakuna mtu mpumbavu kiasi hicho. Alikuwepo, na alikuwa amepaka nywele mafuta.

Nilijua wazi kwamba safari ile haikuwa ya maulidi tu. Nilikuwa napimwa, na bila ya bibi yule nisingempata mjukuu wake. Mjomba akafungua mlango wa gari. Bibi akainama, akachungulia.

"Viti vi wapi, mwanangu?"

"Nimevitoa, bibi."

"Vina kunguni?"

"La, bibi. Ni vizito."

Akawageukia binti zake, wanawake wa afya njema, akawatazama mmoja mmoja. "Vizito," akarudia. Kisha akaagiza mkeka.

Wakatandikiwa mkeka na mito, wakaketi chini, sinia likawekwa palipokuwa na kiti cha mbele. Gari likadidimia. Kilo zote nilizotoa zilirudi, zikaja na wenzao. Nilikwenda Tudor mwendo wa mtu aendaye kwa miguu, nikikwepa kila shimo, jasho likinitoka. Bibi, ambaye kutoka kule chini aliona mapaa na mawingu tu, alikuwa akibahatisha mitaa kwa mapaa yake, na aghalabu alipatia. Tulipofika alikuwa akicheka mpaka binti zake wakamshika mikono kumtoa. Niliporudi kuwachukua aliniombea dua ndefu. Nikalala usingizi mzuri.

Jumamosi mjomba alikuja ofisini mwenyewe. Akakaa mbele ya meza yangu, akakataa chai.

"Bibi amekupenda," akasema. "Asema hajacheka vile tangu mumewe afe. Babake msichana pia hana neno. Lakini msichana mwenyewe yuwauliza jambo moja, na ataka jibu la kweli. Kile kiti cha mbele, ulikitoa kabla ya kuleta posa, au baada?"

Ningeweza kusema kabla. Hakuna ambaye angejua isipokuwa mtu wa mizani. Lakini nilikuwa karani, nilipoulizwa siku nilijibu siku.

"Baada," nikasema. "Jumanne yake."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, bila hasira. "Ndivyo alivyodhani." Akanipa mkono, akasema haikuwa nasibu, posa wameirudisha, akatoka.

Moyo uliniuma palepale, mchana, mbele ya karani mwenzangu. Nikainuka nimkimbilie mjomba, nimwambie ilikuwa ni kwa ajili ya zile kilo tu, kwamba nilipokuwa nikifungua boliti sikuwa namfikiria yule msichana hata kidogo. Nilifika mlangoni maneno hayo yakiwa tayari mdomoni. Nikayasikiliza, nikarudi kukaa.