Gugu Alilonibebea Mama

Kazi yangu katika kituo cha utafiti wa mimea, Korogwe, ilikuwa kuhesabu. Asubuhi nilikata ncha za mizizi, nikazilowesha kwenye asidi, nikazitia rangi, kisha nikazibana kwa dole gumba kati ya vioo viwili. Chini ya hadubini, seli inayogawanyika huonyesha kromosomu zake, vijiti vifupi vinavyobeba urithi wa mmea.

Mkuu wetu alikuwa Mtanzania wa kwanza kukalia kiti kile baada ya Uhuru. Alitaka kujua kwa nini mimea ya jamii moja hutofautiana idadi ya kromosomu. Mimi alinipa gugu linalotambaa mashambani, lenye maua madogo ya buluu yanayofumba kabla ya adhuhuri. La Korogwe lilikuwa na ishirini na mbili. Lililotoka kwenye kona moja ya shamba la mama, karibu na Sindeni, lilikuwa na arobaini na nne. Nilihesabu mara tatu. Zamani, bila mtu kujua, mmea ule ulikuwa umezidisha urithi wake wote mara mbili, na pengine hapo ndipo aina mpya ilipoanzia.

Mkuu alitazama mchoro wangu. “Lete mengine,” alisema. “Mche mmoja si ushahidi.”

Nilikwenda nyumbani likizo, nikamwomba mama asiipalilie kona ile mpaka magugu yaote tena.

“Serikali inakulipa mshahara ufuge magugu?” Akacheka, lakini kona akaiacha.

Kabla sijarudi kuchukua mimea, operesheni ya serikali ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa ikafika kwao. Niliposikia nilipanda basi hadi Mkata, kisha nikatembea. Mama nilimkuta katika kijiji kipya, chini ya fito zisizoezekwa, amekaa juu ya godoro lililokunjwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Njoo uone.” Alinyanyua kopo la maziwa lenye udongo. Ndani yake lilikuwamo gugu, limenyauka nusu. “Mgambo walisema tubebe mara moja tu, lori linaondoka. Nyumba ya jirani ilikwishawashwa moto. Nikakumbuka kazi yako.”

“Na mbegu za kunde?”

Zilikuwa kwenye kibuyu juu ya dari, mbegu alizoachiwa na bibi. Mama alitazama kando. “Mikono ilikuwa miwili, mwanangu.”

Nililibeba kopo kwenye mapaja hadi Korogwe. Mizizi mipya ilipochipua nilikata ncha, nikatia rangi, nikahesabu. Ishirini na mbili. Nikakata nyingine. Ishirini na mbili. Kwa haraka ile, mama alikuwa ameng'oa gugu lililokuwa karibu na mguu wake, si la kona.

Niliomba gari nirudi kule shambani. “Hatuna petroli ya kutafutia magugu,” mkuu alijibu. Mvua zilipoanza nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe. Trekta lilikuwa limelima pote kwa ajili ya shamba la ujamaa, na sikuweza kusema kona ilikuwa wapi wala nyumba ilikuwa wapi. Niliokota mashina matatu yaliyochipua kwenye matuta. Yote yalikuwa na ishirini na mbili. Vioo vyangu vya kwanza vilikuwa vimekauka na rangi kufifia. Mchoro tu ndio uliobaki.

Mkuu alichukua kalamu akaufuta kwa mstari mmoja. “Labda kulikuwa na seli mbili zimelaliana. Hutokea kwa wanaoanza.”

Sikuwa naanza. Nilikuwa na miaka minne kwenye hadubini ile. Lakini sikufungua mdomo, na hilo limeniuma kuliko mstari wake.

Mama aliniuliza Idi iliyofuata, mbele ya wanawake wa kijiji kipya. “Lile gugu lilikufaa?”

“Lilikufaa sana, mama,” nilisema, kisha nikajirekebisha: “Lilinifaa.”

Akawageukia wenzake, uso umemng'aa. Tangu siku ile alimwambia kila mgeni kwamba alipohamishwa aliokoa kazi ya mwanawe. Alisimulia hivyo miaka kumi na moja, mpaka alipofariki, nami kila mara nilikaa pembeni nikiitikia kwa kichwa. Wadogo zangu bado wanasimulia. Mwaka jana mmoja alinitaka nimweleze mwanawe vizuri jinsi bibi yake alivyoisaidia sayansi, nikasema kichwa kinaniuma, nikaingia ndani.