Maji Mekundu na Ami Nassor

Juzi asubuhi harufu ya mwani uliooza iliingia hadi jikoni kwangu, mtaa wa Khuwair ya Kusini, na hasira zikanipanda kabla sijalifikia dirisha. Wenzangu harufu huwakumbusha vitumbua vya bibi zao. Mimi hii hunikumbusha ubaya nilioutenda nikiwa na miaka tisa.

Ami Nassor, mdogo wake Baba, alikuwa na boti. Kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akitupeleka mimi na Baba kwenye mwamba karibu na kisiwa, nami nikiwa nimevaa miwani ya kuzamia iliyonibana pua, nikitazama matumbawe ya zambarau na ya manjano, mengine yamevimba kama koliflawa.

"Tazama kwa macho, bibi wee," Ami akiniambia. "Mikono iwache kwenu."

Siku moja nikamwona akisuuza dumu la mafuta baharini. Wiki chache baadaye bahari ikawa nyekundu kama chai ya rangi, samaki wakaelea matumbo juu, na harufu hii hii ikatanda. Tuliporudi mwambani, matumbawe yote yalikuwa meupe, yamekufa. Nililia njia nzima. Tulipofika kwa Bibi, mtaa wa Ansab, nikamnyooshea Ami kidole mbele ya ukoo mzima.

"Yeye ndiye kayauwa! Nlimwona akimwaga mafuta!"

Ami alicheka. "Dumu moja, mwanangu? Wallahi, bahari yenyewe imechafuka."

Baba hakucheka. "Mtoto hasemi uwongo. Toka, Nassor, na hapa usirudi."

Ami akahamia mji wa mbali, Salalah, na mkewe. Bibi aliendelea kumwekea sahani yake ya wali kila Ijumaa, na hakuna aliyethubutu kuila.

Nilipokua nikapata kazi ya kupiga mbizi kukagua miamba. Mwaka jana mimi na wenzangu wa kazi tulifika mwamba wa mbali kabisa, usiofikiwa na boti za watu. Matumbawe yalikuwa yameota tele, machanga, juu ya mifupa ya yale ya zamani. Mkubwa wangu wa kazi akaniambia kwamba huku nako yalikufa msimu ule ule bahari ilipokuwa nyekundu. Vijimea vya baharini vilizidi, vikayageuza maji rangi na kuimaliza hewa yake. Hakuna mkono wa mtu uliohusika, wala hakuna aliyeyafufua.

Nilikwenda kwa Baba nikiwa bado na chumvi nyweleni.

"Ulijua kuwa si Ami?"

"Nani asiyejua? Bahari ilikuwa nyekundu mpaka ufukweni."

"Mbona basi ukamfukuza?"

Akaikoroga kahawa yake isiyo na sukari. "Kaoa mwanamke nliyemkataza. Nlikuwa natafuta sababu."

Sababu hiyo nilikuwa mimi! Miaka yote nilijiona mtoto mkweli aliyeitetea bahari, kumbe nilikuwa fimbo mkononi mwa baba yangu. Nilimkasirikia. Kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana utotoni sikujua, lakini ukubwani sikuuliza.

Matumbawe yalihitaji kuachwa tu, yakapona. Ami alihitaji mtu mmoja amwendee akamwombe radhi. Naye tukamwacha, mpaka akazikwa Salalah.